Imani Ngomeni: Mfalme Aliyesali Usiku (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizopita tulikuwa ugenini. Tulianza Makka, kwa Yasir na mkewe Sumayya, tukafika Kartago ya karne ya tatu, ambako Askofu Cyprian alikuwa na mtihani wa Wakristo walioitupa imani kwa kuogopa amri ya Kaisari Decius, kisha hatari ilipopita wakabisha mlango wa kanisa wakitaka kupokelewa. Wasomaji wa Mombasa wamelalamika, na wana haki. Mtu aliyekulia Kibokoni hana haja ya kusafirishwa hadi Kartago kutafuta watu waliobanwa na dunia wakashika dini. Ngome iko pale, Ndia Kuu inapoanzia.

Wengi huingia Ngome ya Yesu, wakapiga picha mbele ya mizinga, wakatoka. Wachache husimama uani kuutazama msingi wa kanisa la Wareno, kisha wakatazama, ndani ya kuta hizohizo, chumba cha baraza cha akina Mazrui chenye maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Jengo lilianzwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na jina walilolipa ni la dini. Lakini ujasiri ninaotaka kuueleza leo si wa waliolijenga. Wenye mizinga hawahitaji imani nyingi ili walale usingizi.

Mwaka 1614 Sultani Hasan bin Ahmad, wa ukoo wa Malindi ambao Wareno waliuweka Mombasa baada ya kuuteka mji, aligombana na kapteni wa Ngome. Alipoona roho yake iko hatarini, akavuka bara kutafuta hifadhi. Huko akauawa na watu waliolipwa na Wareno. Aliacha mtoto wa kiume, Yusuf, mwenye umri wa miaka kama saba. Waliomwua baba wakamchukua mtoto, wakampandisha jahazi, wakampeleka Goa, makao makuu ya Wareno katika Bahari ya Hindi.

Goa alilelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino. Akabatizwa, akaitwa Jerónimo, akajifunza lugha yao, adabu zao na vita vyao, akaoa huko. Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa akiwa mfalme, Dom Jerónimo Chingulia, na mwaka uliofuata barua yake ya utii ikaenda kwa Papa Urbano wa Nane. Kwenye karatasi, hakuna kilichokosekana. Mjini, kila kitu kilikosekana. Kwa Waislamu aliokuja kuwatawala alikuwa ameritadi. Kwa kapteni alikuwa mfalme wa jina tu, mtu wa kudharauliwa hadharani mbele ya raia zake. Hakuwa na upande wa kuegemea.

Ndipo alipoanza kwenda usiku kwenye kaburi la babake, akisali huko sala ya Kiislamu.

Ningependa tukae hapo kidogo, kwa sababu waandishi wengi wa historia hupita mbio ili wafike kwenye majambia. Mtu huyu alitolewa katika dini ya wazazi wake akiwa mdogo, kabla ya umri wa kujichagulia lolote. Kila chakula alichokula kwa miaka zaidi ya kumi kilitoka mikononi mwa watu wa dini nyingine, na baadhi yao, kwa haki yao, huenda walimpenda. Taji lake lilisimama juu ya ubatizo wake. Na Goa kulikuwa na Mahakama ya Kuchunguza Imani tangu mwaka 1560. Mkristo aliyebatizwa akirudi kwenye Uislamu alijua linalomngoja. Hakuwa na silaha ya kupambana na hayo. Alikuwa na kaburi, giza na rakaa zake.

Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wana mlango mzima juu ya mtu anayelazimishwa. Asili yake ni kisa tulichokieleza katika sehemu ya kwanza: Ammar, mwana wa Yasir na Sumayya, aliteswa mpaka akatamka maneno ya kufuru, kisha akaja kwa Mtume akilia. Aliambiwa kwamba moyo ukiwa umetulia katika imani, ulimi uliolazimishwa hauna lawama. Hiyo ni ruhusa. Mamake, Sumayya, hakuitumia. Alisimama na neno lake mpaka akauawa, na hiyo ndiyo azima. Wanazuoni wanasema azima ina daraja ya juu, lakini hawamtupi mwenye kuchukua ruhusa. Wakristo nao waliufikia uamuzi unaofanana kwa njia yao: Petro alimkana bwana wake mara tatu usiku mmoja, na bado akapewa kundi alichunge, na Cyprian, baada ya ubishi mrefu, alikubali kuwapokea walioanguka, kwa toba.

Yusuf alikuwa mahali pa tatu, ambapo vitabu havipazungumzii sana. Hakulazimishwa siku moja kwa mjeledi. Alilazimishwa kwa malezi, pole pole, mpaka kulazimishwa kukawa ndiyo maisha yake. Kwa mtu wa namna hiyo, kusema shahada kimyakimya penye kaburi la babake kulihitaji moyo kuliko kuchomoa jambia. Mimi naona hicho ndicho kitendo cha ushujaa mkubwa kuliko vyote vilivyotendwa naye, na hakikuonwa na mtu ila mpelelezi.

Mpelelezi alipeleka habari kwa kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, naye akakusudia kumpeleka mfalme Goa akahukumiwe. Yusuf akamtangulia. Katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia Ngomeni na watu wake kama mgeni wa heshima, akamdunga kapteni jambia, na kwa muda mfupi Ngome ikawa yake.

Hadi hapo, mtu anaweza kumtetea. Babake ameuawa, yeye mwenyewe anapelekwa kuhukumiwa, anapiga kabla hajapigwa. Lakini mambo hayakuishia kwa kapteni na walinzi. Wareno wa mjini na Waafrika waliobatizwa walikimbilia nyumba ya watawa wa Agostino. Walipewa hiari ya kusilimu au kufa. Zaidi ya watu mia moja waliuawa katika siku zilizofuata, wanaume, wanawake na watoto, na Waafrika Wakristo wengine wakapelekwa utumwani Uarabuni. Ushahidi wa walionusurika ulikusanywa Goa ili jambo lifikishwe Roma, na unasema kwamba wengi walipoulizwa walikataa kuacha dini yao.

Ushahidi huo usomwe kwa jicho la makini. Ulikusanywa na upande mmoja, kwa lengo lililojulikana: kutangazwa kwao wafiadini. Watu wanaosimulia kifo cha ndugu zao humsafisha marehemu, na sisi sote tumehudhuria matanga tukasikia. Hata hivyo, tukiondoa mapambo yote, jambo moja linabaki. Mlango wa kutokea ulikuwepo, na kuupita kulihitaji maneno machache tu. Wapo walioupita, wengi hawakuupita. Miaka miwili baadaye, mwaka 1633, huko Japani, padri Mreno wa Shirika la Yesu, Cristóvão Ferreira, mkuu wa wenzake, msomi, mtu wa sala, aliikana imani yake baada ya kuning'inizwa kichwa chini shimoni. Simtaji kwa kumcheka. Namtaja kwa sababu Mombasa waliokataa hawakuwa maaskofu wala wasomi. Wengi walikuwa wake wa askari, mafundi, watumishi, na Waafrika ambao ubatizo wao ulikuwa wa juzijuzi na ambao Ureno haikuwa na lolote la kuwapa.

Kuna Waislamu watakaoniona nawasifu Wareno. Sivyo. Wareno waliuteka mji huu, wakauchoma zaidi ya mara moja, na Ngome yenyewe ilikuwa kufuli la biashara ya watu wengine. Lakini sheria ya vita ambayo Yusuf alikuwa ameirudia inakataza kuua wanawake na watoto, na inakataza kumlazimisha mtu dini, jambo ambalo hasa yeye, kuliko binadamu yeyote aliyekuwa Mombasa siku ile, alilijua uchungu wake. Hapa ndipo somo letu la wiki tatu linapokuwa gumu. Asiye na nguvu, imani humpa moyo wa kuvumilia. Akishapata funguo za Ngome, imani ileile humdai jambo jingine, la kujizuia, na kwa watu wengi hilo la pili ndilo zito zaidi. Yusuf wa kaburini alifaulu mtihani wa kwanza. Yusuf wa Ngomeni alianguka katika wa pili.

Yaliyobaki ya maisha yake ni mafupi. Mapema mwaka 1632 manowari kutoka Goa zilimshambulia zikashindwa. Mwezi wa Mei aliibomoabomoa Ngome kadiri alivyoweza, akaondoka na jahazi, akawa mtu wa baharini, akiwavamia Wareno hapa na pale, mpaka alipofariki upande wa Bahari ya Shamu miaka michache baadaye. Wareno walirudi. Juu ya lango, mwaka 1635, kapteni Francisco de Seixas de Cabreira alichonga maandishi ya kujisifu jinsi alivyoitiisha pwani. Yapo hadi leo, na kila anayeingia hupita chini yake bila kuyasoma.

Miaka sitini na zaidi ikapita, zamu ikageuka. Machi 1696 jeshi la Imamu Saif bin Sultan wa Oman, ambalo wazee wa pwani walikuwa wameliomba msaada, liliizingira Ngome. Ndani walijifungia Wareno wachache pamoja na watu wengi wa pwani waliokuwa upande wao. Mzingiro ulidumu miezi 33. Njaa ilikuwa mbaya. Maradhi yalikuwa mabaya zaidi. Merikebu ya Santo António de Tanná, iliyoleta msaada, ilizama mbele ya Ngome mwaka 1697, na mabaki yake yalichimbuliwa na wapiga mbizi wa akiolojia kati ya 1977 na 1980. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 kapteni António Mogo de Mello naye alikuwa amekufa, na Wareno wote waliokuwa naye walikuwa wamemtangulia.

Ngome haikuanguka siku hiyo. Ilishikwa na Bwana Daud wa Faza.

Faza ni mji wa kisiwa cha Pate, na ni ileile ambayo Wareno waliiteketeza mwaka 1587. Bwana Daud alikuwa Mwislamu, wa ukoo wa watawala wa mji huo. Alibaki na jamaa zake 17, wanaume wa Kiafrika wanane, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Hesabu inatosha kueleza nani walikuwa wengi ukutani usiku. Kwa muda wa wiki kadhaa, mpaka msaada ulipofika Septemba, bendera ya mfalme Mkristo ililindwa na mkuu Mwislamu na wanawake ambao hakuna aliyejali kuandika majina yao, dhidi ya jeshi la Waislamu.

Tusimvike Bwana Daud kanzu isiyo yake. Faza na Pate zilikuwa na uhasama wa zamani, na Pate ilikuwa pamoja na Oman. Siasa ilikuwemo, na pengine ndiyo iliyomwingiza mle. Ila uhasama wa miji hauelezi kwa nini mtu abaki baada ya waliompa neno kufa wote, wakati lango lingeweza kufunguliwa na washindi wakamshukuru. Neno la ahadi lililotolewa kwa mtu wa dini nyingine bado ni ahadi, na katika Uislamu mwenye kuivunja anahesabiwa pamoja na wanafiki. Sina njia ya kuingia moyoni mwake. Naona tu kwamba alitenda kama mtu aliyeamini hivyo, huku wenzake wakizikwa mmoja baada ya mwingine. Ngome ilikuja kuchukuliwa alfajiri ya tarehe 13 Desemba 1698, chini ya kapteni mwingine aliyebaki na watu wachache mno.

Mwaka 1631 watu wa mji mmoja walitenganishwa kwa dini, huyu huku, yule kule. Njia hiyo tumeiona tena katika zama zetu. Novemba 2014, karibu na Mandera, wauaji wa al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua 28. Desemba 2015 walisimamisha basi jingine karibu na El Wak wakitaka kufanya vilevile. Safari hii abiria Waislamu walikuwa wamewapa Wakristo mitandio wajifunike, na walipoamriwa wajitenge, walikataa. Wakasema wauaji wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili walikufa katika shambulio hilo, basi likaendelea na safari. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi, akafariki hospitalini Januari 2016. Serikali ilimtunuku nishani ya taifa baada ya kifo chake.

Wiki ijayo tutavuka ziwa hadi Namugongo, na hatutaanza na mwaka 1886 ambao kila mtu anaujua. Tutaanza miaka kumi kabla yake, na vijana Waislamu wa baraza la Kabaka Mutesa waliokataa nyama ya mfalme.