KIANGAZI SI WAKATI WA KULALA

Wakulima wa skimu za Trans Nzoia na Uasin Gishu, mahindi yamekwisha vunjwa na mvua imekatika. Watu wengi sasa huweka jembe chini mpaka waone mawingu ya Machi. Basi mvua ikinyesha ghafula, mmoja anatafuta trekta, mwingine anatafuta mbegu, na jirani yao aliyejitayarisha amekwisha panda. Mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani miezi 6 na zaidi. Mwenye kuchelewa hupoteza magunia mengi, na pamoja nayo ada ya shule ya watoto; wala kosa hilo halirekebishwi mpaka mwaka mwingine.

Kwanza, mabua. Usiyaache yamesimama. Funza wanaotoboa mahindi hujificha ndani yake kiangazi chote. Mvua ikija hugeuka kuwa nondo, nao hutaga mayai katika mahindi mapya. Yakate, uwape ng'ombe, na yanayobaki uyafanye mboji. Usiyachome ovyo, kwa maana moto huunyima udongo chakula chake.

Pili, mboji. Panga tabaka la mabua yaliyokatwakatwa, kisha samadi, kisha udongo na jivu kidogo, urudie hivyo mpaka lundo lifike kiunoni. Lirushie maji, ulifunike kwa majani, na kulipindua kila baada ya wiki 3. Ukianza Desemba, mboji itakuwa tayari wakati wa kupanda.

Tatu, lima mapema, udongo ungali na unyevu kidogo. Jua kali litakausha mizizi ya magugu. Penye mteremko, lima kwa kuukata, kamwe usilime kuelekea chini. Zibua mitaro na kutengeneza matuta yaliyobomoka, maji yasichukue udongo wako.

Nne, mbegu. Mahindi ya haibridi, ambayo ya kwanza nchini yalitolewa Kitale mwaka 1964, yataka mbegu mpya kila mwaka. Ukipanda punje za mavuno yako mwenyewe, mazao hupungua. Nunua Februari, mifuko ikiwa imefungwa vizuri. Mwezi huo huo tia mbegu za kabeji kitaluni karibu na maji; miche huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki 4 hadi 6.

Leo jioni zunguka shamba lako, ukahesabu kazi zilizobaki. Ukiwa na shaka, mwulize Bwana Shamba. Mvua haimngoji mtu.