Dkt Burzynski na dawa ya saratani iliyokosa ithibati

MGONJWA wa saratani anapoambiwa na daktari wake kwamba hakuna tiba nyingine iliyosalia, mtu wa kwanza atakayemwambia kinyume cha hayo atasikizwa. Atasikizwa zaidi ikiwa si mganga wa pembeni mwa barabara bali daktari kamili, mwenye shahada, leseni na kliniki ya kupendeza katika jiji kubwa la Marekani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Dkt Stanislaw Burzynski wa Houston, jimbo la Texas. Kwa zaidi ya miaka 40 jina lake limegawanya watu katika kambi mbili. Wapo wanaoapa kwamba aliwaokoa wao au watoto wao. Wapo nao madaktari na wanasayansi wanaosema kuwa aliuza dawa ambayo hajawahi kuonyesha kwamba inafanya kazi. Dawa hiyo, iitwayo antineoplastoni, haijaidhinishwa hadi leo na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, kutibu saratani ya aina yoyote ile.

Burzynski alizaliwa mwaka 1943 mjini Lublin, Poland, na huko ndiko alikohitimu udaktari mwaka 1967. Mwaka 1970 alihamia Marekani na kuajiriwa kama mtafiti katika chuo cha utabibu cha Baylor, Houston. Baadaye katika mwongo huohuo aliachana na chuo akafungua kliniki yake mwenyewe.

Nadharia aliyoondoka nayo haikuwa ya kipumbavu. Alidai kwamba mwili wa binadamu una mfumo wake wa kurekebisha chembechembe zilizopotoka, na kwamba mfumo huo hutumia peptidi na viini vya asidi amino ambavyo wagonjwa wa saratani wamepungukiwa navyo. Ukimrudishia mgonjwa viini hivyo, alisema, chembechembe za saratani zitaacha kuzaana ovyo. Mwanzoni alivikamua kutoka kwa damu na mkojo wa binadamu. Baadaye akaanza kuviunda kwa kemikali.

Wenzake walipovichunguza viini hivyo, hawakuona ajabu yoyote. Saul Green, mtaalamu wa baiokemia aliyewahi kufanya utafiti katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering, New York, aliandika mwaka 1992 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha kuonyesha kuwa antineoplastoni huponya saratani. Sehemu kubwa ya dawa hiyo ni fenilasetati na viini vya jamii yake, vitu ambavyo mwili wa kila mtu mwenye afya huvitoa kila siku kupitia mkojo.

Tiba yenyewe haikuwa nyepesi, licha ya kusifiwa kama dawa ya kiasili isiyo na sumu. Mgonjwa aliwekewa mpira mwembamba katika mshipa mkubwa wa kifuani, kisha akabebeshwa pampu iliyompenyezea dawa usiku na mchana, kwa miezi mingi, aghalabu akiwa nyumbani kwake na jamaa zake ndio wauguzi. Dawa hiyo ina sodiamu nyingi mno. Kwa hivyo mgonjwa alikuwa na kiu isiyokatika na alilazimika kunywa maji kupita kiasi ili chumvi isizidi katika damu. Gharama ilifika makumi ya maelfu ya dola, na haikuwa kawaida kwa kampuni za bima kukubali kuilipa.

Serikali ya Marekani haikukaa kimya. Mwaka 1983 mahakama ilimpiga marufuku kusafirisha antineoplastoni nje ya mipaka ya Texas. Mwaka 1985 maafisa wa FDA walivamia kliniki yake na kubeba makabati ya faili. Hatimaye, mwaka 1995, alishtakiwa kwa makosa 75, yakiwemo ya ulaghai kwa njia ya posta na kukaidi amri ya mahakama.

Kesi hiyo ilisikizwa mwaka 1997. Nje ya mahakama, wagonjwa na wazazi wao waliandamana na mabango wakilia kwamba akifungwa Burzynski, wao watakufa. Ni picha ambayo hakuna kiongozi wa mashtaka angependa kukabiliana nayo. Jaji aliyatupilia mbali mashtaka 34 ya ulaghai, na jopo la raia wanaosikiliza kesi, kama ulivyo utaratibu wa huko, likashindwa kuafikiana juu ya yaliyosalia. Kesi iliporudiwa baadaye mwaka huohuo kwa shtaka moja, aliachiliwa huru.

Wafuasi wake hadi leo huutaja uamuzi huo kama uthibitisho kwamba dawa inaponya. Lakini mahakama haikuulizwa kama dawa inaponya. Iliulizwa kama mshtakiwa alivunja sheria, na hayo ni maswali mawili tofauti kabisa.

Kabla ya kesi hiyo, mahakama ilikuwa imeagiza kwamba asimtibu yeyote kwa antineoplastoni isipokuwa ndani ya majaribio yaliyoruhusiwa na FDA. Hapo ndipo mambo yalipochukua mkondo ambao msomaji anapaswa kuuelewa vyema, maana ndio uliompa Burzynski kinga kwa miaka mingi iliyofuata.

Jaribio la dawa kwa binadamu hupitia awamu. Ya kwanza hutazama kiwango cha dawa ambacho mwili unaweza kustahimili. Ya pili huangalia, kwa wagonjwa wachache, kama uvimbe unasinyaa. Ya tatu ndiyo mzani wenyewe: wagonjwa hugawanywa kwa kura katika makundi mawili, moja likapewa dawa mpya na jingine tiba iliyozoeleka, kisha wakahesabiwa walio hai. Burzynski alisajili zaidi ya majaribio 60 ya awamu ya pili. Idadi hiyo inavutia ukiitazama juujuu. Hata hivyo, miaka ilipita pasipo hata moja kuchapishwa kwa ukamilifu. Baadaye kliniki ilianza kutoa ripoti zake yenyewe, lakini jaribio la awamu ya tatu halijawahi kukamilishwa.

Wakili wake, Richard Jaffe, alikiri katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka mwaka 2008 kwamba jaribio moja kubwa kati ya hayo lilikuwa njia tu ya kuwawezesha wagonjwa waliokuwa wakitibiwa kuendelea kupata dawa bila kuvunja sheria, na kwamba kisayansi halikuwa na maana. Maneno hayo hayakusemwa na adui wa Burzynski. Yaliandikwa na mtu aliyemtetea mahakamani, tena kwa fahari.

Itakuwa dhuluma kusema kwamba wanasayansi walikataa kumpa nafasi. Mwaka 1991 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilituma wataalamu Houston kuchunguza faili za wagonjwa saba wa uvimbe wa ubongo. Walichokiona kiliwashawishi kwamba dawa hiyo inafaa kujaribiwa, na mwaka 1993 majaribio yakaanza katika hospitali ambazo Burzynski hakuwa na mamlaka juu yazo. Kukazuka ugomvi kuhusu wagonjwa waliofaa kupokewa na viwango vya dawa. Mwaka 1995 majaribio yakafungwa, wagonjwa tisa pekee wakiwa wamejiunga. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1999 ilisema kwamba kati ya sita waliowezekana kupimwa, hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulisinyaa, na baadhi yao walikumbwa na usingizi mzito na kuchanganyikiwa. Burzynski alilalamika kwamba dawa ilitolewa kwa kiwango cha chini. Huenda, lakini wagonjwa tisa hawawezi kumaliza ubishi kwa upande wowote.

Watafiti wa Kurume, Japani, nao waliijaribu kwa wagonjwa 65 waliofanyiwa upasuaji wa saratani iliyokuwa imeenea kwenye ini. Ripoti yao ya mwaka 2015 ilionyesha dalili za nafuu katika kipimo kimoja, lakini tofauti ya jumla ya muda wa kuishi baina ya makundi mawili haikutosha kuhesabiwa kuwa thabiti. Matokeo ya namna hiyo ni mwito wa utafiti zaidi. Si kibali cha kumtoza mgonjwa pesa.

Je, wale waliopona? Swali hili ndilo gumu zaidi, na ni haki ya msomaji kuliuliza. Wapo watu walio hai waliotibiwa Houston wakiwa watoto, na hakuna anayewaita waongo. Tatizo ni kujua kilichowaponya. Wengi wa wagonjwa wa kliniki hiyo walifika wakiwa tayari wamefanyiwa upasuaji, wamepigwa mionzi au wamepewa dawa za kemikali. Baada ya mionzi, picha za ubongo huweza kuonyesha uvimbe unaoonekana kukua ilhali ni majeraha tu ya tiba, ambayo hupungua yenyewe baada ya miezi. Mgonjwa aliyeanza antineoplastoni katika kipindi hicho ataapa kwamba imemponya. Isitoshe, zipo saratani chache za ubongo, hasa kwa watoto, ambazo hukua polepole mno au kusimama bila sababu inayojulikana.

Fauka ya hayo, aliyepona huonekana katika filamu na mikutano. Aliyekufa hana wa kumsemea. Bila kujua ni wagonjwa wangapi waliingia kupitia mlango wa kliniki, kuwahesabu waliotoka wakiwa hai ni sawa na kuhesabu mabao ya timu moja bila kutazama ya wapinzani.

Nchini Uingereza, hasa mwaka 2011, familia za watoto wagonjwa zilifanya michango mikubwa, watu mashuhuri wakizisaidia, ili kugharamia safari ya Houston. Mkenya hahitaji kuelezwa jambo hili. Harambee ya matibabu ng'ambo anaifahamu, na anajua jinsi ilivyo vigumu kwa mwanakamati kusimama na kuuliza kama tiba inayochangiwa ina ithibati. Anayeuliza huonekana kana kwamba anamtakia mgonjwa kifo.

Wala kosa hili si la wazungu peke yao. Mwaka 1990 taifa hili lilishangilia tangazo la Kemron, dawa iliyodaiwa kukabiliana na Ukimwi, na majaribio ya baadaye kwingineko hayakuona manufaa yaliyotangazwa. Mwaka 2011 Wakenya walikuwa miongoni mwa maelfu waliopanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, saratani ikiwa mojawapo ya maradhi yaliyotajwa kuponywa. Angalau kikombe hicho kiliuzwa kwa shilingi 500 za Tanzania.

Mwaka 2012 mtoto wa miaka sita aliyekuwa akitibiwa kwa antineoplastoni aliaga dunia, sodiamu ikiwa imezidi katika damu yake. FDA ilisimamisha kuwaingiza watoto wapya katika majaribio, na mapema mwaka 2013 ikafanya hivyo kwa watu wazima. Wakaguzi walipopekua faili, walikuta kwamba vipimo vya awali vya uvimbe wa baadhi ya wagonjwa havikuwa vimehifadhiwa, na kwamba wapo waliorekodiwa kuwa wamepata nafuu kinyume cha masharti ya majaribio yenyewe. Onyo la maandishi lilitolewa Desemba 2013. Pasipo vipimo vya awali, hakuna anayeweza kusema uvimbe umesinyaa au umekua, si mkaguzi wala Burzynski mwenyewe.

Mwaka uliofuata FDA ililegeza amri yake kwa kiasi, baada ya familia na wanasiasa kushinikiza kwa niaba ya wagonjwa waliosema hawana njia nyingine.

Kwa upande wa leseni, Bodi ya Madaktari ya Texas ilikuwa imejaribu kumwadhibu mapema, lakini kesi hiyo ikafutwa mwaka 2012 kwa hoja kwamba hakuwajibika kwa matendo ya madaktari wengine wa kliniki yake. Bodi ilirudi na malalamiko mapya. Iliona makosa zaidi ya 130, yakiwemo ya kutowaeleza wagonjwa ipasavyo na ya ulipishaji, na mwaka 2017 ikamwamuru alipe jumla ya dola 60,000 na kumweka chini ya uangalizi. Haikumpokonya leseni. Ilikuwa imetimia miaka 50 tangu ahitimu udaktari mjini Lublin, naye akaruhusiwa kurudi kwenye kliniki yake na kuendelea kuwapokea wagonjwa.