MALI BILA DAFTARI

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi neno hili huambiwa mwenye duka asiyeandika madeni yake. Sisi leo twataka kulielekeza kwa mtu mkubwa kuliko mwenye duka, yaani mkurugenzi wa kampuni. Twauliza: yeye anapokataa kuonyesha daftari, mali inayopotea ni ya nani, na nani apaswa kujibu?

Na tumfikirie mfanyakazi afikaye kazini Jumatatu asubuhi akakuta lango limetiwa kufuli. Mshahara wake wa miezi miwili haujalipwa. Pembeni yake amesimama mwuza mbao aliyeikopesha kampuni ile mali yake kwa ahadi ya mdomo. Wote wawili waambiwa kwamba kampuni haina kitu. Waenda kwa Msajili wa Makampuni kutazama hesabu, nao waona kwamba hesabu za mwisho zililetwa miaka mitatu iliyopita. Laiti wangalijua mapema, mwuza mbao asingalikopesha, na mfanyakazi angalidai haki yake wakati sanduku lilipokuwa bado na fedha. Hawakuibiwa usiku, walifichwa mchana.

Twachukua mfano wa Uingereza, kwa kuwa huko ndiko zilikotoka sheria za makampuni za nchi nyingi, zetu zikiwa miongoni mwao. Sheria ya mwaka 1844 iliyaamuru makampuni yaandikishwe na mizania zao zipelekwe kwa Msajili. Mwaka 1855 wenye hisa walipewa kinga kubwa: kampuni ikianguka, mwenye hisa hupoteza zile fedha alizoweka au alizoahidi kuweka tu, wala nyumba yake na shamba lake haviguswi. Mwaka 1896, katika shauri la Salomon, mahakama kuu kuliko zote ilithibitisha kwamba kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, mbali kabisa na watu walioiunda.

Basi na tuielewe vizuri kinga hii. Tajiri ameruhusiwa kufanya biashara kwa jina lisilo lake, na hasara ikizidi, mzigo waangukia waliomwamini. Hiyo ni heshima kubwa ambayo fundi wa barabarani hana. Yeye akidaiwa, hudaiwa mpaka cherehani yake. Je, umma wapata nini badala yake? Wapata haki ya kutazama daftari. Lakini kwa muda mrefu hata haki hiyo ilinyimwa. Mwaka 1856 amri ya kupeleka mizania iliondolewa. Ilirudi mwaka 1907 kwa makampuni yanayouza hisa kwa watu wote, na makampuni mengi ya watu wachache yaliendelea kujificha mpaka mwaka 1967.

Leo sheria inayotawala huko ni ile ya mwaka 2006. Kampuni ya watu binafsi ina miezi 9 tangu mwisho wa mwaka wake wa hesabu kuzipeleka kwa Msajili. Kampuni ya hisa za watu wote ina miezi 6. Hata kampuni iliyolala, isiyouza wala kununua, yapaswa kupeleka. Ikichelewa, yatozwa. Kampuni ya binafsi hulipa pauni 150 ikichelewa muda usiozidi mwezi mmoja, na malipo hupanda mpaka pauni 1,500 ikipita miezi 6. Kampuni ya hisa za watu wote huanza kwa pauni 750 na kufika pauni 7,500. Ikirudia kuchelewa mwaka unaofuata, malipo huwa mara mbili.

Lakini mtu mwenye akili atauliza: tozo hiyo yalipwa na nani? Yalipwa na kampuni, yaani kutoka katika sanduku lile lile linalolipa mishahara. Mkosaji amekaa kitini, na mfanyakazi ndiye anayepunguziwa. Kama sheria ingeishia hapo, tungeiita sheria ya kumchapa punda kwa kosa la mwenye punda.

Haikuishia hapo. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba hesabu zisipofika kwa wakati, kila mtu aliyekuwa mkurugenzi mara tu kabla ya muda kwisha ametenda kosa la jinai, yeye mwenyewe, kwa jina lake. Faini ni yake, si ya kampuni; na katika England na Wales, tangu mwaka 2015, faini hiyo haina kikomo. Mahakama yaweza pia kuwaamuru wakurugenzi walete hesabu katika muda itakaoupanga, na gharama za shauri zitoke mifukoni mwao. Tena, kwa sheria ya mwaka 1986, aliyehukumiwa mara tatu katika miaka mitano kwa makosa ya namna hii aweza kuzuiwa kuongoza kampuni yoyote kwa muda usiozidi miaka 5. Akiivunja amri hiyo, kifungo chamngoja, na madeni ya kampuni anayoiongoza kwa siri huweza kuwa madeni yake.

Na visingizio? Tunavijua. "Mhasibu wangu alichelewa." "Mwenzangu ndiye anayeshughulika na fedha." "Hesabu hazijatengenezwa bado." Sheria humpa mkurugenzi njia moja ya kujitetea: aonyeshe kwamba alichukua kila hatua ipasayo ili hesabu zifike kwa wakati. Kusema kwamba hazikutengenezwa si utetezi. Ni kulikiri kosa. Aliye na shida ya kweli aweza kuomba muda zaidi kabla siku haijafika. Mlango wa mtu mwaminifu haukufungwa.

Wako watakaosema kwamba sheria hii yawaonea wadogo, na kwamba mwizi mkubwa hupeleka karatasi zake mapema, zikiwa zimepambwa. Hatuwezi kulipuuza neno hili. Kampuni ya ujenzi ya Carillion ilitangaza faida katika hesabu zake za mwaka 2016. Mwezi Julai 2017 ikafuta pauni milioni 845 katika thamani ya kandarasi zake, na tarehe 15 Januari 2018 ikaanguka, ikiwa na madeni ya karibu pauni bilioni 7. Karatasi zilikuwapo, ukweli haukuwapo. Lakini funzo lake si kwamba karatasi hazina maana. Uongo ulioandikwa na kutiwa sahihi waweza kushikwa na kupelekwa mahakamani. Ukimya hauna sahihi. Kwa hiyo daftari na lifike kwanza, kisha likaguliwe. Na kwa wadogo, sheria yawaruhusu kuleta hesabu fupi kuliko za wakubwa. Asiyeweza hata hizo hajui kama yu hai au amekufa katika biashara yake.

Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 na ile ya Kenya ya mwaka 2015 zatoka katika ukoo huo huo. Msajili yuko, na jalada la kampuni laweza kutazamwa. Kilichopungua ni desturi ya watu kwenda kulitazama.

Basi twawaambia wafanyakazi: kabla ya kuketi na mwajiri kuzungumzia mishahara, viongozi wenu na walitafute jalada la kampuni. Hesabu zikiwapo, zisomwe. Zisipokuwapo, hilo lenyewe ni habari, tena habari nzito. Na twawaambia wenzetu waliochaguliwa kuongoza vyama vya ushirika na mashirika ya wananchi: msidhani kwamba maneno haya ni ya matajiri peke yao. Kiti cha uongozi ni kimoja, na mali ya watu ni amana. Aliyekubali kuitwa mkurugenzi amekubali kuulizwa. Asiyetaka kuulizwa na aondoke kitini, ampishe mwingine, kabla lango halijatiwa kufuli.