Oveni Isiposhika Moto

Wengi wetu tunazikariri fomula za stima kama kasuku, lakini kifaa kikiharibika nyumbani tunabaki kukodoa macho. Nami nilikuwa hivyo hivyo hadi likizo ya Agosti, oveni ya mama ilipogoma.

Mama huoka keki za kuuza, na karo yangu hutoka humo humo. Alhamisi moja, akiwa na oda ya keki tatu za harusi ya Jumamosi, keki ya kwanza ilitoka juu imekauka kama gome, chini uji mtupu. Baba akasema tununue oveni nyingine. Kwa pesa gani? Tukamwita mjomba, ambaye ni fundi wa stima. Haya ndiyo aliyonifunza.

Kwanza, soma dalili kabla ya kushika bisibisi. Oveni ikifa kabisa, hata taa haiwaki, anza na soketi, plagi na fyuzi. Chomeka pasi kwenye soketi ile ile ujue kama stima ipo. Kama oveni ina saa, stima ikipotea na kurudi, huenda isitoe moto mpaka saa irekebishwe upya. Taa ikiwaka lakini moto haupo juu wala chini, shuku swichi ya kuchagulia moto au thamostati, kile kifaa kinachokata stima joto likifika kiasi ulichoweka. Yetu ilikuwa na moto juu, chini baridi. Basi mshukiwa wetu akawa koili ya chini.

Pili, chomoa plagi, kisha ungoje oveni ipoe. Kuzima swichi ya oveni pekee hakutoshi, kwa maana stima bado imefika ndani. Mjomba aliilaza plagi juu ya meza tulipoiona sote, akasema, "Mpwa wangu, stima haijui huyu ni fundi, huyu ni mwanafunzi."

Tatu, pima. Tulifungua skrubu, tukaivuta koili na kuchomoa nyaya zake mbili. Koili ni bomba la chuma. Ndani mna waya mwembamba uliojisokota, na unga mweupe unaopitisha joto lakini haupitishi stima. Yetu iliandikwa volti 240, wati 1500. Mjomba akataka nitafute ukinzani wake. Nikapiga hesabu: 240 mara 240, nikagawanya kwa 1500, nikapata omu 38.4. Kwa hivyo ikiwa nzima, mita isome karibu na 38. Wapi! Haikusoma kitu. Waya ulikuwa umekatika ndani, na kwenye pembe ya bomba tukaona ufa.

Nikadhani tumemaliza. Mjomba akaweka ncha moja ya mita kwenye mguu wa koili na nyingine kwenye bomba lenyewe. Hapo mita haifai kusoma chochote. Kumbe ikasoma! Akatutazama. "Kuna mtu amepigwa na oveni hii?"

Dada yangu mdogo akainua mkono. Wiki iliyotangulia alituambia kwamba mlango wa oveni "unauma" akipiga deki miguu peku. Tulimcheka, ati anakwepa kazi.

Mjomba akatueleza: unyevu uliingia kwenye ule ufa, ukalowesha unga, stima ikavujia kwenye bati la oveni. Stima kama hiyo hupaswa kuchukuliwa na waya wa ardhi, na ikiwa nyingi fyuzi hukatika. Akaifungua plagi. Waya wa kahawia ulikuwapo, wa buluu ulikuwapo, lakini ule wa kijani na njano haukuwapo! Fundi aliyetubadilishia waya mwaka uliotangulia alitumia waya wa nyuzi mbili. Njia ya stima kufika ardhini ikawa ni miguu ya dada yangu.

Tulinunua koili mpya ya wati 1500 na waya wa nyuzi tatu. Oveni nzima hutumia wati 2500, yaani kama ampea 10.4, basi tukatia fyuzi ya 13. Mwisho mjomba akapima kutoka pini kubwa ya plagi hadi kwenye bati la oveni. Mita ikasoma karibu na sufuri. Ndipo akaruhusu ichomekwe.

Ijumaa keki ziliiva vizuri, juu na chini. Kipande cha kwanza alipewa dada, pamoja na msamaha wangu.

Wenzangu, sisemi kila mtu afungue oveni ya kwao. Kazi hii ni ya fundi, na asiye fundi akae kando atazame. Lakini mtu yeyote nyumbani, hata awe mtoto, akisema kifaa kinauma, kizimeni ukutani, mkichomoe, mwite fundi. Mdharau mwiba mguu huota tende.