Subira Haifuti Haki ya Mwanamke Kazini



Miaka michache iliyopita, nikisomesha madrasa hapa Mukuru kwa Njenga, alinijia mama mmoja mjamzito baada ya sala ya alasiri. Alikuwa binti wa Pwani, kama wengi wanaokuja Nairobi kutafuta riziki. Kwa zaidi ya miezi mitano alifanya kibarua katika kiwanda kimoja cha jirani, akidamka usiku ili awahi langoni. Mimba ilipoanza kuonekana, msimamizi akawa anamruka: humwita wa mbele yake na wa nyuma yake, yeye humwacha bila neno.

Nikamwambia, "Subiri, binti yangu. Mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu."

Akajibu, "Sawa, maalim," akaenda zake.

Nasaha ile haikuwa ya uongo, lakini ilikuwa nusu. Nusu ya pili naiandika leo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa jinsia, dini au ujauzito, iwe katika kuajiri, kufunza, kupandisha cheo au kuachisha kazi. Anayeomba kazi hulindwa sawa na aliyekwisha kuajiriwa. Na shauri la ubaguzi likifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Mama yule aliondoka akidhani kimya cha msimamizi kimemnyima ushahidi. Kumbe mwenye kutakiwa kujieleza ni mwajiri.

La pili ni hilo neno "kibarua". Kibarua wa kisheria ni wa siku moja. Kwa kifungu cha 37, akifanya kazi siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja, ajira yake hugeuka kuwa ya mshahara wa mwezi. Akiendelea miezi miwili au zaidi, hustahiki haki za wafanyakazi wengine. Miongoni mwazo ni likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili.

Kwa hiyo, dada yangu, weka daftari. Andika kila siku uliyofanya kazi, ulicholipwa na jina la aliyekuita. Usifute ujumbe wa malipo ya M-Pesa. Ukidhulumiwa, nenda kwa afisa wa kazi wa serikali, au Kituo Cha Sheria, ambacho huwasaidia wasio na uwezo. Wala usichelewe, kwani madai ya kazi yana muda wake.

Hata hivyo, tusiwalaumu wenye viwanda peke yao. Ubaguzi huanzia majumbani mwetu. Fedha zikipatikana za kumsomesha mtoto mmoja ufundi wa umeme au wa mitambo, twamtaja mvulana; msichana twamwambia angoje mume. Kisha twastaajabu anaposimama langoni bila cheti, hana cha kuonyesha ila mikono yake. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, iko hapo hapo Eneo la Viwanda, na vyeti vyake vya ufundi hutolewa kwa wanawake na wanaume.

Watakaosema kazi ya nje si ya mwanamke, nawakumbusha Surat Al-Qasas. Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliwakuta mabinti wawili kwenye maji ya Madyan wakiwachunga wanyama wao, kwa kuwa baba yao alikuwa mzee. Hakuwakemea, aliwanyweshea. Kisha mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri Musa, akataja sifa mbili za mwajiriwa bora: nguvu na uaminifu. Kipimo hicho alikisema mwanamke, nacho chatosha kwa lango lolote.

Mama yule sijamwona tena. Haya yakimfikia, namwomba anisamehe. Na wewe unayesoma, mkijua aliye mfano wake, msimwambie asubiri tu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.