Kibuyu cha Kaptagat na Hesabu ya Wanazuoni

Kaptagat, katika nyanda za juu karibu na Eldoret, mtu hupimwa kwa saa. Huko ndiko Eliud Kipchoge alikofanya mazoezi miaka mingi chini ya mwalimu wake Patrick Sang. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, akaimaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ijapokuwa haikuandikwa kuwa rekodi rasmi, hapana aliyebisha. Saa ni shahidi asiyehongeka.

Mwanazuoni je, hupimwa kwa nini? Siku hizi hupimwa kwa kutajwa. Akiandika makala, na wenzake wakaitaja katika makala zao, kila mtajo huhesabiwa. Mmarekani Eugene Garfield alichapisha faharisi kubwa ya mitajo hiyo mwaka 1964. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akatunga kipimo chepesi: mwenye makala 20, ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 20, alama yake ni 20. Kipimo hicho sasa huwapandisha watu vyeo.

Kwetu tuliosomea juu ya mikeka ya chuoni, jambo hili si geni. Tulifundishwa kwamba neno halina budi kuwa na isnadi: fulani kapokea kwa fulani. Ila wanazuoni wale hawakutosheka kuwahesabu wapokezi. Waliwapima mmoja mmoja.

Hayo niliyawaza Kaptagat, jikoni kwa mama mmoja aliyenionyesha kibuyu chake, ambacho Wakalenjin hukiita sotet. Huchoma kijiti cha mti wa senetwet, akasugua mkaa wake ndani ya kibuyu, akamimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, akaziba, akasubiri siku kadhaa. Yakiiva huwa mursik, maziwa yenye rangi ya kijivu wanayokaribishiwa wanariadha warudipo na ushindi. Nilipomwuliza nani kamfundisha, alinitajia mamake, na mama wa mamake. Isnadi hiyo, msomaji wangu, haimo katika faharisi yoyote.

Wataalamu wa vijidudu nao wamevichungulia vibuyu vya namna hii. Mwaka 2004 Julius Mathara wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, pamoja na Wilhelm Holzapfel wa Karlsruhe, Ujerumani, na wenzao, walichapisha uchunguzi wa kule naoto, maziwa ya kibuyu ya Wamaasai. Walikuta bakteria aliyeitwa wakati huo Lactobacillus plantarum ndiye aliyetamalaki. Mwaka 2008 wakachapisha tena, wakipima kama bakteria hao huhimili ukali wa tumbo na nyongo. Kazi hizo zimetajwa tena na tena na watafiti wa maziwa, na ni haki yao, kwani walifanya kazi ya subira.

Lakini angalia na upande wa pili. Mwaka 2013 Riina Rautemaa na wenzake walichapisha makala juu ya mursik yenyewe. Walikuta humo pombe na kemikali ya asetaldehaidi, wakasema huenda ikachangia saratani ya umio, ambayo ni nyingi magharibi mwa Kenya. Sampuli za mursik zilikuwa 8. Onyo hilo si la kupuuzwa, maana saratani hiyo inaua. Hata hivyo, "huenda" ya mtafiti, ikishapita vinywa kumi, hugeuka "ndiyo", na hesabu ya mitajo haiwezi kumtenga aliyethibitisha, aliyebisha na aliyekariri tu.

Sisi washairi tunayajua haya. Katika ukurasa wa mashairi, shairi lijibiwalo sana aghalabu ndilo lililochokoza, wala si lazima liwe bora. Wingi wa majibu huonyesha umbali neno lilikofika. Ukweli wake hutafutwa kwa njia nyingine: kwa sampuli nyingi zaidi, vibuyu vingi zaidi, na watafiti wa hapa wenye maabara zao.

Basi mtafiti apewe mitajo yake, kama mkimbiaji apewavyo sekunde zake. Na yule mama mwenye sotet, aliyetunza bakteria hao kabla hawajapewa jina la Kilatini, naye asisahauliwe. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.