Mwiba wa kujichoma nao una pole yake

Miongoni mwa methali tunazozifundisha bila kuzihoji ni ile isemayo kuwa mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nimeisikia mara nyingi katika miezi ya karibuni ikielekezwa kwa mwalimu mmoja wa shule ya upili, niliyepata kumfundisha isimu, ambaye alilipa fedha zake mwenyewe apasuliwe pua ipate kuchongoka. Alitoka na pua iliyopinda na tundu moja lisilopitisha hewa vyema. Wanafunzi wamempachika lakabu, na walimu wenzake humcheka chinichini. Sasa anataka kuchukua mkopo wa chama cha ushirika apasuliwe tena, ilhali nusu mwaka haijatimia. Aliniomba shauri, nami naona shauri lenyewe lawafaa wengi.

Wanaomcheka hudhani kwamba upasuaji wa pua ni upuuzi wa waigizaji wa sinema. La hasha! Waganga wa India walikuwa wakiwaundia pua mpya kwa ngozi ya paji la uso watu waliokatwa pua vitani au kwa adhabu. Habari hizo zilichapishwa katika jarida moja la London mwaka 1794, na mwaka 1814 Joseph Carpue akaijaribu mbinu hiyo huko huko Uingereza. Mwaka 1898, mjini Berlin, Jacques Joseph alimpunguzia pua kijana aliyekuwa akiwaepuka watu kwa sababu ya kudhihakiwa. Naam, tangu hapo kisu kimekuwa kikitibu nyama na aibu kwa pamoja.

Na aibu hiyo huzaliwa wapi? Hebu tuzifungue insha za wanafunzi wetu. Msichana mrembo hana budi kuwa na pua iliyochongoka, na sisi walimu huweka alama ya vyema pembeni. Tunaitunuku pua hiyo darasani, kisha tunamcheka mwenzetu aliyekwenda kuitafuta kwa kisu.

Hata hivyo, kumhurumia mtu si kumkubalia kila alitakalo. Pua si pambo tu. Huipasha hewa joto, huitia unyevu na kuichuja vumbi kabla haijafika mapafuni. Fauka ya hayo, ni ala ya lugha. Sauti zetu m, n, ny na ng' hazitamkiki sawasawa bila hewa kupita puani. Aliyezibika pua akikusudia kusema 'mama' hukaribia kusikika akisema 'baba'. Kwa mwalimu, ambaye sauti ndiyo jembe lake, tundu lililoziba ni jambo zito kuliko pua iliyopinda.

Wahenga walisema pia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nakubali, ila mhunzi hashiki koleo jingine kidonda kingali kibichi. Uvimbe wa ndani huchukua muda mrefu kuisha, na ncha ya pua ndiyo huchelewa zaidi. Kwa sababu hiyo madaktari kwa kawaida hushauri mtu angoje angalau mwaka mzima kabla ya kurudia, kwani kinachoonekana leo huenda kisiwe ndiyo sura ya mwisho. Isitoshe, upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza: makovu yamejaa, na gegedu la ukuta wa katikati ya pua huenda limekwisha kutumika, ikabidi jingine litolewe sikioni au ubavuni.

Kungoja si kukaa kitako. Akiona dalili za ugonjwa, kama vile usaha, homa au maumivu yanayozidi, amwone daktari siku hiyo hiyo. Kuhusu pumzi, apimwe sasa na mtaalamu wa masikio, pua na koo. Adai kumbukumbu za upasuaji wa kwanza, kisha atafute maoni ya daktari mwingine, akihakikisha kwamba amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini. Aidha ajiulize kwa unyofu: likizibuka tundu, je, sura peke yake yastahili mkopo wa miaka? Wapo watu ambao hata wakirekebishwa vipi hujiona wabovu. Huo ni ugonjwa wa nafsi unaotambuliwa na madaktari, na kisu ni nadra kuuponya.

Nionavyo mimi, anayo haki ya kurekebishwa, lakini mwaka utimie kwanza, na pumzi itangulie urembo. Nanyi wanafunzi, iacheni lakabu hiyo. Walimu nasi, insha ijayo itakapomsifu mtu kwa pua yake, tumwulize mwandishi ni nani aliyempimia.